Herufi ya Malkia kwenye Paja la Ng'ombe

Ukitoka stage ya Kitengela ukielekea upande wa Isinya, kabla hujafika kwa wauza mbao, kuna duka lenye bango ambalo hakuna mtu amewahi kulisoma akiwa barabarani. Mwenye duka anaitwa Timothy. Anachapisha kadi, mabango, programu za mazishi na kitu kingine chochote kinachotaka maneno. Na kwa sababu duka ni lake, ameliandika kwa herufi anazozipenda mwenyewe. Mgeni akitaka kujua kama amefika, ni lazima avuke barabara, aruke mtaro, asimame mlangoni na ainue uso. Hapo ndipo atasoma, tena kwa maandishi mazuri ajabu, ya kwamba hapa ndipo wanatengeneza mabango yanayoonekana mbali.

Timothy si mtu mbaya. Halewi, hatukani, na akiitwa kanisani kubeba viti hujificha mara moja moja tu, kama wanaume wengine. Mungu alimpa kipawa cha mkono tangu akiwa mtoto. Darasani alikuwa akiandikia wenzake majina kwenye vitabu, na kila jina likawa na mkia, pembe na maua, mpaka mwalimu akashindwa kujua kitabu ni cha nani. Shida ya kipawa ni hiyo. Mungu anakipeana bila kukuwekea mtu wa kukuambia basi.

Hizi herufi zake alizipatia saluni. Alikuwa amepeleka matangazo kwa binamu yake Caro, mwenye saluni karibu na soko, akakuta jarida la mitindo ya nguo la ng'ambo limetupwa juu ya meza. Jalada lilikuwa limechanika, yule msichana wa picha amebaki nusu uso, lakini jina la jarida lilikuwa zima. Timothy akaketi. Wamama walikuwa wamefungiwa vichwa chini ya mashine za kukausha nywele, wakamwona ameshikilia lile jalada, amelipeleka mbali kidogo, amelisogeza tena karibu, macho hayabanduki. Wakaanza kunong'onezana. Walidhani anaangalia msichana. Laiti ingekuwa ni msichana! Tungemwombea, na mambo yangeisha.

Kwa mtu ambaye hajaziona, herufi zenyewe ziko hivi. Mguu mmoja ni mnene kama nguzo ya geti. Mguu wa pili ni mwembamba kama uzi wa kutungia shanga. Mnene na mwembamba wanakutana ghafla, bila hata kusalimiana. Halafu kila mguu unapofika chini umewekewa kamstari kembamba kalikolala, kama kiatu. Zimesimama wima, hazicheki na mtu, kama bibi tajiri aliyekosea njia akajikuta katikati ya mnada wa mbuzi. Kwenye kompyuta zina jina lao la kizungu, lakini Timothy alilitupa akaziita Malkia.

"Yeyo," aliniambia siku moja, maana mama yeyote wa rika langu yeye humwita Yeyo, "unene peke yake ni ugali. Wembamba peke yake ni njaa. Urembo uko pale vinapokutana."

Nikamwambia ni maneno mazito. Sikujua bado ni ng'ombe wa nani watakaoyabeba.

Na nisiwe mwongo: kwenye kadi ya harusi, Malkia ni kitu cha kumshukuru Mungu. Unaishika kadi mkononi, karatasi ni nyeupe, nafasi iko ya kutosha, na majina ya bwana na bibi harusi yametulia hapo kama watu waliovaa nguo mpya na wamekatazwa kukaa chini. Hata majina yetu ya huku, marefu ya kujaza mdomo, yanageuka kuwa majina ya wakubwa. Harusi yake mwenyewe Timothy aliiandika hivyo. Watu wengi walikuja saa ya chakula badala ya saa ya ibada, akasikitika akidhani hawakuweza kuisoma ile saa. Tulimwacha na hayo mawazo. Hao wangekuja saa ya chakula hata kama kadi ingeandikwa kwa matofali.

Ubaya ni kwamba alipoona kadi zimependeza, aliamua dunia yote ni kadi. Gari la kunyonya vyoo likaandikwa Malkia. Lilikuwa likipita mtaani na harufu yake, na pale ubavuni limeandikwa kwa madaha kama linapeleka manukato ikulu. Buchari ikaandikwa Malkia. Kisha akajitolea kuandika mstari wa Maandiko ukutani kanisani, nyuma ya mimbari, bila malipo. Walioketi viti vya mbele walibarikiwa sana. Sisi wa nyuma tuliona nguzo, nguzo, nguzo, na nyanya mmoja aliyekuwa ametoka mbali akauliza mbona mmechora boma ndani ya nyumba ya Mungu. Pastor akasema Neno linamtaka mtu asogee karibu. Tukasema amina. Ungesema nini kingine?

Falis, ambaye anauza nguo na mapazia karibu na stage, hakuwa wa kusema amina. Alikuja dukani kwa Timothy bango alilomwandikia likiwa halijamaliza hata mwezi.

"Walaal, ndugu yangu," akamwambia, "watu wananiuliza kama nauza fito."

"Fito aje?"

"Wanaona miti imesimama. Hawaoni jina."

"Si wakaribie."

"Watakaribia aje na hawajui ni nini wanakaribia?"

Timothy akamweleza habari ya ugali na njaa. Falis akamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu ana adabu, kisha akamwambia yeye hauzi ugali wala njaa, anauza mapazia. Akaenda zake. Timothy akasema watu wa Kitengela bado macho yao hayajafunguka.

Sasa ndipo anaingia Naserian.

Naserian ni mjane. Boma lake liko nje ya Kitengela, mahali ambapo ploti zinaisha na nyasi zinaanza, ama zingeanza kama mvua ingekuwa na heshima. Mume wake alipofariki, mifugo yote ilibaki chini ya shemeji yake, Mzee Katoo, kwa sababu ndivyo ilivyo. Katoo hakuwahi kumnyima chakula. Ni mtu wa haki, ila haki yake ni ngumu kama mkate wa juzi. Ng'ombe wote wa familia wana alama moja ya moto kwenye paja la nyuma: mstari mmoja mfupi, mnene, ulioinama kama mzee anayeegemea fimbo. Ng'ombe mwenye mstari huo, Katoo ndiye anaamua atakamuliwa na nani, atalipa mahari ya nani, atauzwa lini. Mwanamke anaweza kumjua ng'ombe kwa jina, kwa sauti na kwa tabia, lakini paja ndilo lina neno la mwisho.

Sisi kina mama wa kikundi cha kanisa tulimnunulia Naserian mitamba watatu, wekundu wote, wachanga, hawajazaa. Tulimwambia hawa ni wako, na wakizaa maziwa ni yako na ya binti yako Kakenya. Wawekee alama yako. Katoo hakukataa. Alisema, "Alama ni alama. Weka yako nitaiheshimu."

Naserian angeenda kwa fundi yeyote wa vyuma akaomba N, angepewa vyuma vitatu vinene vilivyounganishwa, kama N ya mtoto wa nursery, na mimi sasa hivi ningekuwa nachagua maharagwe. Lakini alisema hiki ni kitu chake cha kwanza kabisa kuandikwa jina lake, anataka kiandikwe vizuri. Akaenda kwa mtu wa herufi.

Timothy alifurahi mpaka akasahau kuuliza ng'ombe ni wa rangi gani. Akamchapishia N ya Malkia, kubwa, kwenye karatasi ngumu, akamwonyesha kwa kidole: miguu miwili iliyosimama ni uzi tu, na ule mstari wa katikati unaolala kutoka juu kushuka chini ndio wenye mwili. "Hivyo ndivyo N ilivyo, Yeyo, tangu watu walipokuwa wakiandika na kalamu bapa. Si mimi nimeamua." Akapeleka mchoro kwa Ngigi, anayetengeneza mageti. Ngigi akakata chuma kinene cha mstari wa kulala, na miguu akaiunda kwa bati lenye ukingo kama kisu, na viatu vyake vyote. Alipomaliza akaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Timo, hii ni chapa ama ni pete ya uchumba?"

Timothy aliona ni sifa.

Siku ya kuchoma tulikwenda wengi. Moto uliwashwa, mitamba wakaangushwa mmoja mmoja, chuma kikawekwa, moshi ukapanda. Na ilikuwa nzuri. Kila paja lilikuwa na N imesimama kama bibi harusi, hata yule ng'ombe akiinuka alionekana kama amealikwa mahali. Naserian alilia kidogo akajifuta na shuka. Timothy alipiga picha akazituma kwa kila kikundi kwenye simu, hadi kile cha walinzi wa mtaa, na chini akaandika: Malkia haifutiki.

Kisha mvua ikakataa. Ukame ule hakuna haja niueleze, kila mtu huku ana wake. Katoo alichanganya ng'ombe wote wa boma, na wale watatu wa Naserian pia, akawatuma na wachungaji wa kulipwa wavuke upande wa Ewuaso Kedong na kuendelea popote penye majani. Walikaa huko mpaka tukazoea maboma matupu. Wengi walikufia njiani. Mvua iliporudi, waliorudi walikuwa wageni: waliokwenda wakiwa watoto wamerudi wakubwa, wenye mbavu na pembe ambazo hakuna aliyezijua. Wachungaji wenyewe walikuwa wamebadilishwa njiani, wa mwisho hawakujua wa kwanza walipewa nini.

Katoo akawapanga kwa alama. Naserian akaja.

"Takwenya, Ngoto Kakenya," Katoo akamwamkia mama Kakenya.

"Iko."

"Pole. Wako hawakurudi."

"Na wale wekundu watatu pale kwa maji?"

"Wale ni wa boma. Angalia paja."

Naserian akaangalia. Paja la kwanza lilikuwa na mstari mmoja mfupi, mnene, ulioinama kama mzee anayeegemea fimbo. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Mahali uzi wa Malkia ulikuwa umepita, bati la Ngigi lilikuwa limegusa ngozi likapoa hapo hapo, na nywele nyekundu zilikuwa zimemea nzuri, laini, zimefunika kila kitu. Mstari mnene peke yake ndio ulishika. Ile N yote ya madaha ilikuwa imebaki uti wa mgongo, na huo uti ulikuwa alama ya Katoo, hakuna tofauti.

"Shemeji, hii ni herufi yangu. Imepoteza miguu."

"Herufi haina miguu."

"Hii ilikuwa nayo. Na viatu."

Katoo alimwangalia kwa huruma. Alidhani ukame umemgusa kichwa. "Basi leta aliyeiandika," akasema. "Akisema ni yake, chukua. Mimi siibi kwa mjane."

Naserian akarudi kwa furaha, maana aliona jambo limeisha. Timothy si yupo? Timothy si anaijua Malkia kuliko mama yake?

Timothy akaja na ile karatasi ngumu ndani ya plastiki, amevaa shati la Jumapili. Watu wa boma walikuwa wamekusanyika. Akainama kwenye paja, akaangalia mstari, akaangalia karatasi, akaangalia mstari. Naserian alikuwa amesimama karibu naye, amekunja mikono, anangoja neno moja tu.

Fikiria hapo alipokuwa. Akisema hii ni kazi yangu, amesema pia kwamba kazi yake ilifutwa na nywele za ng'ombe. Zile picha alizituma kila mahali. Na macho ya boma lote yako kwake, na baadhi ya macho hayo ni ya watu aliowaandikia mabango.

Akakohoa. "Malkia haifutiki," akasema. "Hii si kazi yangu."

Naserian alimwangalia tu, kisha akafunga shuka lake vizuri begani kama mtu anayesikia baridi. Katoo akasema, "Umesikia, Ngoto Kakenya. Mwenye herufi ameikataa." Na kwa kuwa boma lilihitaji mahindi kuliko lilivyohitaji mitamba, akasema siku ya soko hao watatu wataenda Kajiado.

Wakienda Kajiado wamekwenda. Lori halirudishi ng'ombe, na nyama haina paja la kusomwa.

Timothy akarudi dukani kwake, akafanya kazi kwa bidii sana, kama mtu anayejificha. Jumapili aliketi kiti cha mbele kabisa, chini ya ule mstari wake wa ukutani, nadhani ili asituone sisi wa nyuma. Naserian aliomba kama kawaida. Alimtaja Timothy kwa jina, akamwombea macho. Sijui kama alikusudia kumchoma. Alichomeka.

Siku ya soko yenyewe, asubuhi, Falis alirudi. Safari hii hakuja kusikiliza.

"Nimechoka," akasema. "Lete kalamu." Akachukua kadi moja iliyoharibika mezani, akaigeuza mgongo, akachora. "Hii ndio jina yangu ukiwa ng'ambo ya barabara. Mti. Halafu mstari umelala. Mti. Mti. Halafu mnyoo. Nani anaitwa hivyo? Wewe unajua mtu anaitwa hivyo?"

Timothy alikuwa amefungua mdomo aanze ile habari ya ugali. Macho yake yakaanguka kwenye ule mstari uliolala. Ulikuwa mnene, mfupi, umeinama kama mzee anayeegemea fimbo. Akafunga mdomo. Akaenda kwenye kabati akatoa ile N ndani ya plastiki.

"Falis, dada yangu, nifanyie kitu kimoja. Vuka barabara usimame pale, uniambie unaona nini."

"Mimi nimekuja kugombana, unanituma?"

"Tafadhali."

Falis akavuka. Akasimama mbele ya wauza mbao, mikono kiunoni. Timothy akasimama mlangoni, chini ya bango lake linaloonekana mbali, akainua N kwa mikono miwili kama refa.

"Unaona nini?"

"Mstari!"

"Mingapi?"

"Mmoja!"

"Angalia vizuri!"

"Wallahi mmoja! Umelala kama mgonjwa!"

Wauza mbao nao wakathibitisha. Mstari, mmoja, umelala. Boda boda wakasimamisha pikipiki ili wasikose. Timothy akashusha mikono polepole, Falis akavuka akirudi, akakuta mtu amekaa juu ya ngazi ya duka lake amekuwa rangi ya karatasi.

Akamweleza yote: Naserian, boma, lile neno alilosema. Falis hakumpa pole. Mume wake, Siyad, ni mnunuzi wa ng'ombe, na siku ya soko hulala na kuamka akili iko Kajiado. Akatoa simu.

"Siyad, kuna mzee anaitwa Katoo ako na mitamba watatu wekundu. Usinunue, na mtu mwingine asinunue, mpaka huyu mwendawazimu afike." Akamgeukia Timothy. "Bado umekaa?"

Sokoni Kajiado vumbi lilikuwa limeshapanda. Katoo alikuwa amesimama na mitamba wake, na Siyad amesimama mbele yake, anapoteza wakati kwa ustadi: anaangalia meno, anauliza habari za mvua, anaangalia meno tena. Naserian naye alikuwepo, na mimi nimemsindikiza. Alikuwa amefuata ng'ombe wake kwa miguu na gari na miguu tena, ili awaone mpaka mwisho. Mkono wake ulikuwa juu ya mgongo wa mmoja wao.

Timothy akafika amejaa jasho. Akamwamkia Katoo, "Sopa, Papa," Katoo akaitikia, "Ipa," kwa sababu salamu ni salamu hata kwa mpumbavu.

"Papa, siku ile nilisema uongo."

"Uongo gani?"

"Nilisema Malkia haifutiki." Alikuwa anaongea chini, Katoo akaweka mkono sikioni, ikabidi arudie kwa sauti, na sasa soko lilikuwa linasikiliza. "Inafutika! Ukisimama mbali inafutika. Nywele zikimea inafutika. Hata bango la duka langu halisomeki!"

"Hiyo tunajua!" mtu mmoja akajibu kutoka upande wa wauza mbuzi, na watu wakacheka kicheko cha muda mrefu, kile kilichokuwa kimewekwa akiba.

Timothy akangoja waishe. "Kuna mistari mingine miwili, Papa. Iko chini ya nywele. Ni miembamba tu. Nipe ruhusa ninyoe."

"Unyoe ng'ombe wangu?"

"Kama ni wako."

Siyad akaingiza mkono mfukoni akatoa wembe, bado kwenye karatasi yake. "Mzee, hata mimi kila ng'ombe wa alama nanyoa kabla ninunue," akasema. "Kuna mmoja sikunyoa, akanipeleka mpaka kwa askari. Acha kijana anyoe. Akikosa, ng'ombe ako na upara kidogo, hakuna hasara." Akamwaga maji ya chupa yake juu ya paja.

Katoo akakubali kwa kichwa. Naserian akashika kichwa cha mtamba akamwongelesha pole pole kwa Kimaa. Timothy akapiga magoti kwenye mavi, na shati lake safi la dukani, akaanza kunyoa. Mimi nimemwona akipaka rangi kuta na malori, sijamwona akishika kitu kwa woga hivyo. Nywele nyekundu zikaanguka. Ngozi ikatokea, nyeusi, yenye maji. Mwanzo hakuna kitu. Kisha kando ya ule mstari mnene kukatokea uzi, mweupe, umenyooka kutoka juu mpaka chini. Akanyoa upande wa pili. Uzi mwingine. Akafika chini kabisa, na pale kulikuwa na kamstari kadogo kamelala.

Siyad akainama. "Wallahi," akasema, "hata viatu imevaa."

Watu wakasukumana waone. Ndiyo mara ya kwanza watu wa Kajiado kusogea karibu kama Timothy alivyotaka siku zote, pua zao karibu ziguse herufi, na ilibidi iwe makalio ya ng'ombe. Katoo akawapisha kwa fimbo. Akalamba kidole gumba, akapapasa uzi wa kwanza, akapapasa wa pili, akapapasa kiatu.

"Alama yetu haina viatu," akasema.

Naserian alikuwa amelaza paji la uso kwenye shingo ya mtamba.

"Nyoa na hao wawili," Katoo akaamuru. "Sitaki nimpe kwa huruma, na sitaki nichukue kwa makosa."

Timothy akanyoa wa pili, akanyoa wa tatu, na N ikatoka nzima na madaha yake, kana kwamba haijawahi kuona ukame. Katoo akafungua kamba mwenyewe akaiweka mkononi mwa shemeji yake. "Ngoto Kakenya, peleka ng'ombe wako nyumbani." Halafu akamwambia Timothy, na hakuwa anatabasamu, "Na wewe, siku nyingine mjane akikuomba neno moja, mpe lile la kweli. Hata kama ni baya kwa macho."

Wiki hiyo Ngigi alitengeneza N nyingine, ya vyuma vitatu vinene vinavyolingana, mbaya kama geti la kwanza la mwanafunzi wake. Naserian akaichoma upande wa pili wa paja. Mbwa akiwa ng'ambo ya mto anaisoma. Falis alipata bango jipya la herufi nene, na siku hizi Timothy akiletewa kazi anauliza kwanza, "Hii itasomwa mtu akiwa wapi?" Mstari wa kanisani ameuandika upya pia, na sisi wa nyuma tumegundua kumbe ulikuwa mstari tunaoujua. Bango la duka lake bado liko vile vile. Mtu hawezi kuokoka siku moja kila mahali.

Kakenya ameolewa mwaka huu. Naserian alienda kwa Timothy kuagiza kadi, akamwambia anataka Malkia.

Timothy akaacha kazi aliyokuwa nayo. "Yeyo, una hakika?"

"Kadi mtu anaishika mkononi. Ng'ombe nani atamshika mkononi?"

Basi akaichapisha, na sijaona kadi nzuri kama hiyo. Jina la Naserian liko pale kama mama wa bibi harusi, na ile N ya kwanza imesimama na miguu yake yote. Timothy mwenyewe ndiye aliyempelekea Mzee Katoo yake, nje ya kanisa baada ya ibada. Katoo akaipokea kwa mikono miwili, akainyoosha mbali na uso kama wazee wanavyofanya, akafinya macho. Akaisogeza. Akairudisha mbali.

"Ni nzuri," akasema. "Sasa niletee wembe."